Kigoda cha Bibi Mosi

Kompyuta ya studio ya Mzee Alois ilistaki tena, na safari hii ilistaki ikiwa na nusu ya ukoo wa watu tumboni. Prisca akaipiga ubavuni kwa kiganja, kama baba yake alivyozoea kufanya, halafu akaona haya, maana mwenye ukoo wake alikuwa amekaa nyuma yake kwenye benchi, mkoba mapajani, anasubiri kuona kazi.

"Imelala?" akauliza Bi Chausiku.

"Inafikiri, bibi."

"Basi inafikiri sana. Mimi nikifikiri hivyo nyumbani kwangu, wali unaungua."

Prisca akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Jumamosi mjukuu wa Bi Chausiku alikuwa anatolewa, mwali, ngoma ipigwe pale Mwembesongo mpaka majirani wakome. Na bibi huyu alitaka siku hiyo bango kubwa litundikwe uani, liwe na wanawake wote wa tumbo la mama yake, kuanzia yeye na wadogo zake mpaka vitukuu, wamekaa pamoja na mwali mbele yao. Kwa Waluguru ukoo hufuata kwa mama, na Bi Chausiku hakutaka mgeni yeyote aje ale pilau yake halafu aondoke amesahau jambo hilo.

Tatizo ni kwamba wanawake hao hawakuwahi kukaa pamoja hata siku moja. Mmoja yuko Kiroka na miguu haimfikishi barabarani. Mwingine ameolewa Dar. Wengine wako Kinole, hawashuki mlimani mpaka pawe na msiba. Na wawili kati yao hawajaamkiana tangu walipogombea mgomba mmoja wa mpakani. Kwa hiyo Prisca alipanda pikipiki na kamera mgongoni, akazunguka kijiji kwa kijiji, yule wa Dar akamfuata kwa basi, akawapiga mmoja mmoja, picha kubwa safi, ili aje awakalishe pamoja humu ndani ya mashine.

"Wale wagomvi wawili umewaweka wapi?" Bi Chausiku akauliza.

"Bega kwa bega, kama ulivyosema."

"Vizuri sana. Tuone watageuzia wapi shingo." Kisha akasogea karibu na kioo. "Na pale katikati usisahau kigoda cha mama yangu. Mosi hakuwahi kupigwa picha, mwanangu. Sina hata kivuli chake. Kigoda kikae hivyo hivyo, kitupu. Wenyewe tutajua nani amekaa."

Hapo kompyuta ikazinduka, ikaandika kwamba kumbukumbu haitoshi, ikafunga kila kitu na kuzima picha yote. Kazi ya tangu asubuhi ikaenda. Prisca akabaki ameushika mdomo.

"Imemaliza kufikiri?" akauliza Bi Chausiku.

*

Mzee Alois hakuwa mtu wa kupayuka, na ndiyo maana maneno yake yaliumiza. Mchana ule, mkewe Paskalia alipoleta ugali na maharage pale studio kutoka vyumba vyao vya uani, Alois alinawa, akamega tonge, akasema bila kumwangalia mtu, "Kazi hii ikishindikana, mwisho wa mwezi narudisha ufunguo wa fremu hii ya duka kwa mwenye nyumba. Tunarudi Nyandira, tukalime karoti."

"Baba!"

"Baba nini? Zamani watu walikuwa wanapanga foleni hapa mpaka kwenye duka la jirani. Siku hizi kila mtu ana studio yake mfukoni. Tunabaki na picha za paspoti, na hizo nazo wanataka tuwapunguzie. Bi Chausiku ndiye mtu wa kwanza mwaka huu kutuletea kazi ya kueleweka. Tukimwaibisha yule mama mbele ya wageni wake, nani mwingine atatuamini?"

Paskalia akamsukumia Prisca bakuli la maharage. Alimjua binti yake. Prisca hakuipenda kazi ile kwa sababu ya fedha, maana fedha yenyewe hakuiona. Aliipenda basi tu, kama wengine wanavyopenda kuimba. Alikuwa anaweza kukaa mchana kutwa akiondoa mkunjo wa kitambaa kwenye bega la mtu asiyemjua. Ukimpeleka akapalilie karoti atapalilia, ni mtoto mtiifu, lakini kitu ndani yake kitakauka. Paskalia aliliona hilo, likamkosesha raha.

"Kwanza muite fundi," akasema. "Mtu akiumwa si anapelekwa kwa daktari, ndipo mnaanza kuzungumza habari za mazishi?"

*

Fundi aliyekuja anaitwa Hafidhi, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta jirani na soko. Alisimama mlangoni, akaitazama kompyuta, akaanza kucheka. Boksi lake lilikuwa limevishwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya njano, juu, ubavuni na mgongoni, kimefungwa kwa kamba nzuri chini ya kidevu.

"Shikamoo mama. Hii ni kompyuta au bibi harusi?"

"Marahaba. Nimeikinga na vumbi," akasema Paskalia kwa fahari. "Nimefuma mwenyewe, mwezi mzima."

"Umeikinga na hewa, mama yangu. Inahema humu ndani kama mtu aliyejifunika blanketi kwenye jua la saa nane." Akakivua kitambaa kwa adabu, akakikunja, akamkabidhi mwenyewe. Kisha akafungua boksi, akapuliza, na vumbi lote la mtaa wao wa Mji Mpya likatoka kumsalimia.

Akawaeleza taratibu, na Mzee Alois akasogeza kiti asikilize. Kumbukumbu ya kompyuta, ile mafundi wanayoiita ramu, ni kama meza ya kukatia mboga. Ukiwa na meza ndogo na mboga nyingi, nyingine utaziweka chini stoo, uwe unainuka kila mara kwenda kuchukua. Ndiyo maana mashine inakwenda polepole. "Na hiyo stoo ndiyo diski. Sasa yenu nayo imejaa mpaka mlangoni. Kwa hiyo mashine inabaki imesimama na kisu mkononi, haina pa kukatia wala pa kuweka. Inaamua kulala."

"Dawa yake?" akauliza Prisca.

"Meza nitaiongeza. Ninayo ramu nimeitoa kwenye kompyuta iliyokufa, nitawafungia, tutaelewana. Pili, dada, hizo leya zako, zile tabaka za picha zinazolaliana. Kila mtu kwenye picha yako amekaa kwenye leya yake peke yake, na kila leya inakula nafasi. Mtu ukishamaliza kumpanga, muunganishe na wenzake wawe leya moja. Ila uwe na uhakika, maana ukishaunganisha na kuhifadhi, hakuna kumtoa mtu."

"Na tatu?"

"Tatu ni stoo. Futeni mapicha ya zamani."

Mzee Alois akasimama kama aliyechomwa na sindano. "Nifute watu?"

"Mafaili, mzee."

"Wewe unaita mafaili! Hapo yumo marehemu mwalimu Kondo, yumo mama Stambuli na mapacha wake, wamo watu wa ubatizo, wa nikaha, wa mahafali. Mtu akifariki mji huu, ndugu zake wanakuja hapa wanalia, Mzee Alois tupatie picha, hatuna hata moja. Na siku zote ninayo! Sijawahi kumrudisha mfiwa mikono mitupu. Leo nimfute mtu ili nimpishe nani?"

Hafidhi akashika bisibisi. Alikuwa amekuja kufunga ramu, hakujua ataingizwa kwenye mambo ya marehemu. Akaifunga, akaonyesha jinsi ya kuunganisha leya, akaondoka anatikisa kichwa. Kompyuta ikawaka kwa uchangamfu mpya, ikachukua wanawake wengi kuliko jana, halafu ikagoma tena. Diski imejaa, ikaandika.

*

Prisca akafanya jambo ambalo hakutaka baba yake alijue. Alikwenda kwa Godfrey, mwenye studio mpya ya vioo upande wa stendi, yenye kiyoyozi na kompyuta zinazong'aa. Aliomba mchana mmoja tu wa kutumia mashine moja, hata ile ya pembeni.

Godfrey alimwacha akae kwenye benchi pamoja na wateja. Alimaliza mteja, akamaliza mwingine, akanywa soda, akajibu simu. Mwisho akazungusha kiti, akasema kwa sauti ya watu wote, "Kumbe Mzee Alois bado yupo? Mimi nilidhani ameshapanda mlimani zamani, anauza karoti!"

Wateja wakacheka, wengine kwa kukosa la kufanya.

"Yupo, kaka. Anakusalimia."

"Mwambie aniletee hiyo kazi niifanye mimi. Wewe nitakupa ya soda. Ila kugusa mashine zangu, hapana, dada, hizi si za kujifunzia."

Prisca akasema asante. Alitoka nje kwenye jua, akatembea haraka, na machozi yalipomtoka alijifuta kwa mkono wa blauzi akijiambia ni vumbi. Alipofika kwao alimkuta mama yake anamenya viazi mlangoni, akamweleza kila kitu mpaka ile soda. Paskalia akaacha kisu.

"Nipishe," akasema, akaingia ndani kwa mumewe.

"Baba Prisca, mgeni akikaa kwako mwaka mzima utamfukuza?"

"Siwezi."

"Lakini ndugu zake wakija kumchukua, si utamruhusu aende kwao? Waite basi. Kila mtu aje amchukue mtu wake. Akishafika salama mikononi mwa wenyewe, hapa utakuwa hujamfuta. Utakuwa umemrudisha nyumbani."

Alois akamtazama mke wake. Kisha akatabasamu, akachukua kibao, akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akaandika kwa mkono wake na kukisimamisha mlangoni: NJOO UMCHUKUE MTU WAKO. BURE.

Haikupita saa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Yeremia, akafika anahema. "Mzee Alois, watu wameniita. Wanauliza humu ndani kuna maiti?"

"Wamo na marehemu, ndiyo, ila wengi wazima. Hata wewe umo, na lile shati lako la maua."

"Mimi?" Yeremia akaingia. Prisca akamtafuta, akamkuta: kijana mwembamba, suruali pana, mguu mmoja juu ya kreti la soda. Mwenyekiti akajiangalia, akamwita mkewe kwa simu, akacheka mpaka akashika ukuta. Alipotoka na picha yake kwenye simu, akawa ndiye tangazo. Aliwaonyesha watu mtaa mzima.

Wakaja. Wenye simu, wenye flashi za kuazima, wengine na watoto wao waje waone walivyokuwa. Bibi mmoja alimwona mumewe marehemu siku ya harusi yao, akasema, "Hee, kumbe alikuwa mzuri! Nilikuwa nimesahau." Akalia, akacheka, akaomba achapishiwe kubwa aitundike sebuleni. Mwingine alitaka yake na ya jirani aliyehamia Tanga. Paskalia alipika chai sufuria zima. Kila mtu alipoondoka na wa kwake, Mzee Alois alimuuliza, "Umempata? Umemwona kwenye simu yako?" na akishaitikiwa ndipo alipobonyeza kufuta kwa kidole chake mwenyewe. Wale ambao hawakupata wa kuwajia aliwaacha mahali pao, akakataa katakata waguswe.

Nafasi ikapatikana. Haikuwa kubwa, ila ilitosha.

*

Oh, sasa kazi ikaenda! Prisca alifanya kama alivyofundishwa: akimaliza watu wa Kiroka anawaunganisha, akimaliza wa Kinole anawaunganisha, na mashine boksi wazi, feni inavuma, inabeba bila kununa. Kilichobaki kumsumbua ni kile kigoda alichokipiga nyumbani kwa Bi Chausiku. Kikiwa kitupu hakujua kama kimo chake kinalingana na cha wale waliokaa pembeni, au ni kikubwa mno, au kivuli chake kimelala upande usio wake.

"Mama, njoo ukae hapa kidogo."

"Nina sufuria jikoni."

"Dakika moja tu. Nataka kuona mtu anavyokaa."

Paskalia akaja vile vile alivyokuwa, kanga ya jikoni, kilemba upande, mwiko mkononi. Akakaa kwenye kigoda cha studio na kutoa macho. Prisca akampiga, akamweka katikati ya ukoo wa Bi Chausiku kwenye leya yake peke yake, akarekebisha kivuli kwa kumtazama yeye. Kikakaa sawasawa kabisa. Akahifadhi. Kilichobaki ilikuwa kumwondoa mama yake, kuunganisha na kupeleka kuchapisha. Hapo simu ikalia: wanafunzi wa chuo kule Mazimbu wanataka picha zao za paspoti sasa hivi, wana usajili.

"Nenda," akasema Alois. "Hapa nitamalizia. Si kuunganisha tu? Nilimwona Hafidhi."

Mzee wa watu akakaa, akavaa miwani. Akaipitia picha yote mtu kwa mtu, hakuona kasoro. Kwamba mke wake amekaa pale katikati na mwiko, jambo hilo halikumshtua hata kidogo. Kwa miaka yote ya ndoa yake, kila alipoinua macho Paskalia alikuwa hapo katikati. Akaunganisha leya zote, akahifadhi kwenye faili jipya, akalitia kwenye flashi, akaipeleka mwenyewe kwa wachapishaji wa mabango kabla hawajafunga kwenda kuswali Ijumaa. Njiani aliimba.

*

Jumamosi ua wa Bi Chausiku ulifurika. Ngoma zilikuwa zinaota moto, pilau linanukia mpaka barabarani, na wanawake wa Kiroka na Kinole wameshuka kwa ajili ya siku hiyo, hata yule mwenye miguu mibovu kaletwa na bajaji. Studio nzima ilialikwa, na Hafidhi pia. Prisca alikaa na wazazi wake karibu na mlango. Yeye hakuliona bango, lilitoka kwa wachapishaji limeviringishwa, likaletwa hivyo hivyo.

Vijana wawili wakapanda ngazi, wakafungua kamba. Bango likashuka.

Vigelegele vikapasua hewa! Wakajiona, wakaanza kunyoosheana vidole. Wale wagomvi wawili walijikuta bega kwa bega, mmoja akamwambia mwenzake, "Angalau umekaa vizuri," na huo ukawa mwisho wa habari ya mgomba. Kisha vigelegele vikapungua. Mtu mmoja akauliza, "Yule pale katikati ni nani?"

"Mama yangu wee!" Paskalia akajifunika kanga usoni.

Prisca akasimama. Mama yake, mkulima wa Nyandira, Mkatoliki wa kila Jumapili, amekalia kigoda cha Bibi Mosi mbele ya ukoo mzima, mkubwa kuliko mlango, na mwiko mkononi. Alois akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nani kamweka?" akanong'ona, na hapo hapo akakumbuka.

Bi Chausiku alisimama mbele ya bango, mgongo kwa watu. Wapigaji ngoma wakageuka kumtazama. Prisca akaenda, akapiga goti.

"Bibi, nisamehe. Nilimweka kupimia tu. Nitalichapisha upya, leo hii, nipe mpaka jioni."

"Mwite mwenyewe," akasema Bi Chausiku bila kugeuka.

Paskalia akaja anajikokota, kanga bado mdomoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Nyandira, dada."

"Kwa mama. Ukoo wa mama yako ni upi?"

Paskalia akautaja kwa sauti ya chini. Bi Chausiku akageuka polepole, akamtazama toka kilemba mpaka ndala.

"Jamani!" akapaza sauti. "Mmesikia? Huyu ni mtani wetu! Watani zetu toka kwa mabibi! Ndiyo maana hana hata aibu, amekuja na mwiko wake kabisa!"

Ua mzima ukalipuka. Yule wa miguu mibovu akasimama bila kushikwa. Watu walipiga makofi, wakaangukiana mabegani, maana kila mtu pale anajua mtani akishakalia kiti chako hainuki bure.

"Haya, mtani," Bi Chausiku akasema, mikono kiunoni, "nikupe nini uinuke kwenye kiti cha mama yangu? Nitakupa jogoo."

Paskalia akashusha kanga. Aibu ilikuwa imeshamtoka, na mahali pake palikuwa pameingia kitu kingine kabisa. Akaliangalia bango, akamwangalia mwenye jogoo.

"Jogoo mmoja? Kwa bibi mzima? Siinuki!"

"Wawili!"

"Siinuki! Nimekaa vizuri, hewa inanipata. Kwanza sijaletewa chakula!"

Wakampelekea sinia la pilau kwa nyimbo. Bi Chausiku alicheka mpaka akakaa chini, na alipokuwa amekaa pale machozi yakaanza kumtoka, akamshika Prisca mkono.

"Usilichapishe upya, mwanangu. Mimi nilisema kigoda kitupu kwa sababu sikuwa na la kufanya. Ningekuwa nalia kila nikikitazama. Mama yangu hakuwahi kukaa mikono mitupu, mwiko kama huo ndio niliomwacha nao. Leo nimemtazama pale, nikacheka. Muache mtani akae."

Ngoma zikapigwa. Mwali akatoka amebebwa mabegani, shanga zinawaka kwenye jua, na bango likipepea nyuma yake. Kabla pilau halijaisha, wanawake wa koo nyingine walikuwa wameshamzingira Mzee Alois, kila mmoja anataka la kwao, huyu Septemba, yule kabla ya Idi. Mzee akamtafuta Hafidhi kwa macho kwenye umati, akampigia kelele juu ya ngoma, "Fundi! Ramu nyingine unayo?"

*

Jumatatu Prisca aliwasha kompyuta. Kitambaa cha maua ya njano sasa kilikuwa kimefunika kiti cha wateja. Akafungua faili lake la zamani, lile alilohifadhi kabla baba yake hajaunganisha, na mashine ikalileta bila kuguna. Kwa kutaka kuona tu ingekuwaje, akaificha leya ya mama yake. Kigoda kikabaki kitupu katikati ya wanawake wote wale.

Mzee Alois alikuwa mlangoni, ufunguo wa fremu mkononi, ndiyo kwanza amefungua. Akasimama, akatazama kioo, na tabasamu lake likapotea.

"Mrudishe," akasema.

"Naangalia tu, baba."

"Mrudishe, mwanangu. Mimi sipawezi hapo pakiwa patupu."

Prisca akabonyeza, na Paskalia akarudi mahali pake na mwiko wake. Kutoka uani sauti yake ikawaita waje wale, viazi vinapoa.